Kabla ya kununua injini kubwa, ziba matundu

Msomaji mmoja wa Arusha ameniandikia wiki hii: "Kaka, nina RV-7 yenye injini ya nguvu za farasi 180. Nataka kuweka ya 200 na propela mpya. Nianzie wapi?" RV-7 ni ndege ndogo ya viti viwili ambayo mtu anajijengea mwenyewe kwa vipande vya kiwandani. Swali hili naletewa mara nyingi, na Jumamosi iliyopita ndege yetu imenipa jibu la kumtolea mtu kifua mbele. Kwa hiyo leo naliandika lote.

Hesabu kwanza. Kadiri unavyokwenda kasi hewa inakuzuia zaidi, na nguvu unayohitaji inapanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Kutoka farasi 180 hadi 200 umeongeza nguvu asilimia 11. Mwendo utaongezeka kama asilimia 3.6 tu. RV-7 inayosafiri kilomita 320 kwa saa itafika 331 hivi. Kilomita 11, kwa fedha ambayo mwenzako ananunulia kiwanja na kupandisha msingi! Wakati huohuo boneti yako inavuja hewa, vifuniko vya magurudumu vimekaa upande, na injini uliyonayo inaungua.

Najua ninachosema. Ndege yetu ni ya mjomba wangu, rubani mstaafu, nami ndiye fundi wake. Vipande vilitoka kwa Van's Aircraft wa Oregon, Marekani, watu ambao ndege zao za RV zilizokwisha kuruka duniani zimepita 11,000. Makasha yalishuka bandarini, yakapanda lori hadi Mbezi Beach, na ndege ikajengwa kwenye gereji ambayo gari la mjomba halikuingia tena. Miaka ya kupiga ribiti nairuka, kila aliyejenga anaijua.

Shida ilikuja ilipoanza kuruka. Pale Uwanja wa Julius Nyerere unasubiri zamu yako kwenye lami nyuma ya ndege za abiria, hewa ina nyuzi 32, injini inapikika kabla hujapaa. Ukianza kupanda, silinda namba 3 inafika nyuzi 430 za Farenhaiti na bado mshale unapanda. Lycoming, waliotengeneza injini hiyo, wanaruhusu hadi 500, lakini huo ni ukomo, si mahali pa kukaa. Anayetaka silinda zidumu anazishikilia chini ya 400.

Nikaipeleka habari hiyo kwenye karakana moja ya ndege. Mkuu wa zamu hakuinuka kwenye kiti. Aliniambia, mbele ya vijana wake, kwamba ndege za kuungwa gereji ndivyo zilivyo, tuikate tuiuze chuma chakavu. Nilimuaga vizuri, nikaondoka. Maneno yale bado yananiuma, sitaficha. Wengine walitushauri kwa wema: nunueni kipoza oili kikubwa, panueni tundu la chini la boneti, wekeni injini nyingine. Wote walitaka tununue kitu. Hakuna aliyetaka kuinama atazame.

Sisi tuliinama. Usiku, taa za banda zikiwa zimezimwa, tuliwasha balbu ndani ya boneti upande wa juu, juu ya silinda, kisha tukachungulia kutokea chini. Mwanga ulitoka kila mahali! Kwenye pembe, kwenye maungio ya vibati vinavyoelekeza hewa, na pale mpira wa silikoni ulipojikunja badala ya kulalia boneti. Kila tundu linalopitisha mwanga linapitisha hewa, na hewa hiyo imeingia ndani, imekuzuia mwendo, kisha imetoka bila kugusa silinda hata moja. Unailipia kwa petroli na haikupozi. Tukaziba kwa silikoni nyekundu ya joto kali, tukakata mipira mipya, tukahakikisha yote inalalia mbele, ili shinikizo la hewa liibane kwenye boneti.

Silinda namba 3 ina siri yake, na yeyote mwenye Lycoming ya silinda nne aisikie. Nyuma yake kibati kimegusana na mapezi ya silinda, yale mabamba membamba yanayotoa joto, na pale mapezi ni mafupi, hivyo hewa haina pa kupita. Weka washa, kile kipete cha chuma cha kwenye bolti, ili kibati kisogee kidogo na hewa ipate mfereji. Namba 2 ina ugonjwa uleule, ila kwa mbele. Washa! Kitu ambacho kiganjani hukisikii uzito.

Jumamosi tulipanda kuelekea kusini juu ya bahari mchana wa jua kali, na silinda zote zikabaki chini ya 390. Mjomba hakusema neno, alinigusa tu bega. Na kwa nguvu ileile ya injini mwendo umeongezeka kilomita kadhaa kwa saa, kwa sababu hewa iliyokuwa ikipita bure sasa haiingii. Natamani yule mkuu wa zamu angekuwa kiti cha kulia.

Ndugu zangu wa pwani, kuna adui mkubwa kuliko joto, nalo ni kuiacha ndege ikae. Kwenye Lycoming kamshafti, mhimili wenye kamu zinazofungua valvu, iko juu ya kranki. Injini ikilala, oili inachuruzika kwenda chini, na chuma kinabaki wazi kwenye hewa yetu yenye chumvi na unyevu. Masika ikipita bila kuruka, kutu inaanza. Siku utakapowasha, kutu ile inamenya uso wa kamu, na vumbi la chuma linazunguka na oili. Usijidanganye kwa kuiwasha dakika kumi bandani. Hapo unatengeneza unyevu ndani ya injini na huukaushi. Ipaishe. Oili ifike nyuzi 82 za Selsiasi na ikae hapo nusu saa au zaidi. Sisi tunakwenda hadi Mafia na kurudi, safari inayotosha kabisa.

Oili badilisha kila saa 50 za kuruka au kila miezi minne, kinachotangulia, kama una filta. Kama una chujio la wavu tu, kila saa 25. Na filta usiitupe. Ipasue, tandaza karatasi yake juani, pitisha sumaku. Nashangaa watu wenye skrini tatu za rangi mbele ya kiti ambao hawajawahi kuona ndani ya filta yao. Huko si kutunza ndege.

Sikatazi maboresho. Tulitoa magneto moja, kifaa kinachojizalishia umeme wa cheche za plagi, tukaweka mfumo wa elektroniki wa kuwasha plagi, na umelipa. Juu, hewa ikiwa nyepesi, mfumo huo unatanguliza cheche mapema kuliko magneto inavyoweza, na petroli inapungua. Magneto ya pili tumeiacha, kwa sababu haihitaji umeme wa ndege, nayo tunaifungua kila saa 500. Anayetaka kuondoa zote mbili aweke betri ya akiba kwanza, ndipo tuzungumze.

Kuhusu mwendo, nisikilizeni kwa makini. RV-7 ina ukomo wa maili 230 kwa saa, kama kilomita 370, na ukomo huo ni wa mwendo halisi hewani. Kwenye futi 12,000 mwendo halisi unazidi ule wa kwenye kipimo kwa karibu asilimia 20. Ukiweka tabo, ile pampu ya kusukumia hewa kwenye injini, na kushusha pua kutoka juu, kipimo kinaweza kukuonyesha uko salama kumbe mabawa na mkia vimekaribia mtetemeko unaovunja ndege kwa sekunde chache. Injini kubwa haiongezi ukomo huo hata maili moja. Hata rangi ina hesabu yake: ukipaka upya usukani wa mkia na vibawa vya kugeuzia, vitoe uvipime mizani upya, kwa maana uzito wa rangi nyuma ya bawaba ndio unaoamsha mtetemeko.

Bolti za mtaa wa Gerezani, Dar, ziacheni kwenye magari. Za ndege zinakuja na karatasi zake. Na kabla ya kubadili injini au propela, nendeni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, mkiwa na michoro na hesabu za uzito, msiwapelekee kazi iliyokwisha kufungwa.

Mwisho ni hozi. Za mpira, za petroli na za oili, tunazibadilisha kabla hazijatimiza miaka 7, hata zikionekana nzima, kwa sababu joto la Dar linazikausha kwa ndani. Zenye Tefloni zinadumu zaidi. Agizeni mapema. Mzigo ukichelewa forodhani ndege inakaa chini, na kamshafti inaanza kushika kutu.