Mbwa Anayeng'ata Getini Afundishwe Getini

Msomaji wa Mbezi ameniandikia kuhusu mbwa wake dume, aliyemng'ata paja kijana aliyeleta mtungi wa gesi. Ameshauriwa ampeleke kambini mwezi mzima akafundishwe, na anauliza kama fedha yake itapotea.

Itapotea. Huko kambini hakuna geti lake, hakuna banda lake, wala dada wa kazi anayefungua mlango huku akipiga kelele kwa hofu. Mbwa atarudi anajua kukaa na kulala kwa amri, kisha mtu atagonga na mambo yatakuwa yale yale. Tafuta mwalimu anayekuja nyumbani.

Lakini kabla ya mwalimu, daktari wa mifugo. Sikio lenye usaha, jino bovu au nyonga inayouma humfanya mbwa mpole ang'ate, na hakuna mazoezi yanayotibu maumivu. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10.

Ziara ya kwanza ya mwalimu mzuri ina maswali mengi kuliko mazoezi. Atataka kujua nani kang'atwa, wapi mwilini, nini kilitokea dakika moja kabla, nani humlisha mbwa na saa ngapi hufunguliwa. Mpe video za simu zilizopo, usimchokoze mbwa ili upate nyingine. Wote wanaofungua geti wawepo, na dada wa kazi na mlinzi hasa, maana ndio watakaofanya kazi hiyo mwalimu akishaondoka. Nyumba ambayo baba peke yake ndiye anayekaa na mwalimu sebuleni haitafika mbali.

Fahamu kwa nini tabia hii hukomaa. Mbwa anabweka, mgeni anaacha mzigo na kuondoka. Kwa mbwa, kubweka kumefaulu. Hayo yakijirudia kila siku, hofu ya mwanzo inageuka mazoea, na siku geti likiachwa wazi, meno yanafuata.

Dawa yake ni umbali na chakula. Mfunge mbwa kamba ya mita 3, mtafutie mahali ambapo akisikia geti likigongwa anasimamisha masikio lakini bado anakula. Labda ni mita 12. Mtu anayefahamika agonge nje mara moja, na papo hapo mpe mbwa kipande cha maini ya kuku kisichozidi punje ya harage. Mlio kwanza, chakula baadaye. Ukitangulia kuonyesha chakula, mbwa atajifunza kwamba maini ni dalili ya mgeni, na ataanza kuyakataa. Mara 10, kisha basi; dakika 5 zinatosha, asubuhi na jioni. Geti likigongwa naye akageuka kukutazama wewe, sogea mita moja kuelekea geti. Akikataa chakula, umesogea mno: rudi nyuma mita 2 au 3.

Kazi hii huharibika jioni. Mlinzi anamwachia mbwa akimbilie geti kwa sababu anapenda kuona wapita njia wakiruka, na jitihada za wiki nzima zinazama. Kwa hiyo weka uzio wa ndani wa waya wenye mlango wake, ili mbwa asifike getini bila mtu. Mfundishe pia kuvaa kikapu cha mdomoni cha kuzuia kung'ata, kwa wiki moja au mbili, ukimlisha ndani yake kabla ya kukifunga. Usinunue kile cha kitambaa kinachobana mdomo: kwa joto la Dar mbwa lazima ahemee kwa mdomo wazi.

Usimpige mbwa kwa kunguruma, nakusihi. Kunguruma ni onyo. Ukimnyang'anya onyo, atang'ata kimya.

Unapomchagua mwalimu, muulize: mbwa akikosea, unafanya nini? Akikutajia mkanda wa umeme, mnyororo wa kunyonga, au kwamba lazima umwonyeshe nani mkuu, mshukuru na umfungulie geti. Nadharia hiyo ya ukuu ilitokana na mbwamwitu (wolf) wasiojuana waliofungiwa pamoja. David Mech, mtafiti wa mbwamwitu ambaye kitabu chake cha 1970 kiliieneza, aliikosoa mwenyewe mwaka 1999 alipoeleza kuwa kundi la porini kwa kawaida ni wazazi na watoto wao. Mkatae pia anayekuhakikishia kupona. Mlipe kwa kila ziara, na aondoke akiwa amekuandikia zoezi la wiki kwenye karatasi.

Wapo mbwa ambao hofu yao ni kubwa kiasi kwamba hata mita 20 hawali. Hao warudi kwa daktari, kwani ipo dawa ya kupunguza hofu kama fluoksetini, ambayo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na huenda sambamba na mazoezi.

Na kwa wanaonunua mtoto wa mbwa sasa: kati ya wiki ya 3 na ya 14 ndipo anapozoea dunia. Tukimfungia bandani wakati huo, tukamfungua usiku tu, tunamlea mbwa anayemwogopa kila mtu. Mbebe mikononi, aone bodaboda, watoto na kijana wa gesi, huku akila.