Nianze na Network+ au niende moja kwa moja CCNA?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina stashahada ya TEHAMA, na huu ni mwaka wa pili natoa msaada wa kompyuta kwenye ofisi moja hapa Morogoro: printa, nywila, kuvuta kebo, kubadilisha swichi ikiungua. Nataka kuhamia upande wa mitandao. Wapo wanaoniambia nianze na Network+, wengine wanasema CCNA. Nina laptop yenye RAM ya GB 8 na saa mbili kila jioni, Jumapili napumzika. Nichague upi, ninunue vifaa gani, na itanichukua muda gani? Halafu hesabu za subneti zinanishinda kabisa.

JIBU: Nenda CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. Network+ ya CompTIA, shirika la vyeti vya TEHAMA, ni cheti kizuri kwa mtu ambaye bado hajui tofauti ya swichi na ruta, kwa sababu inafundisha dhana bila kufungamana na kampuni yoyote. Wewe stashahada ilishakupitisha huko, na kebo unazivuta mwenyewe. Toleo lake la sasa, N10-009, lina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, alama ya kufaulu ni 720 katika kipimo cha 100 hadi 900, na ada yake inazidi dola 350 za Marekani. CCNA, yaani mtihani wa 200-301, ni dakika 120 kwa dola 300 kabla ya kodi. Kulipia yote miwili ni kulipia mambo yaleyale mara mbili, na msimamizi wa mitandao anayekusaili atakuuliza kama unaweza kusanidi swichi, jambo ambalo Network+ haikulazimishi kulijua kwa vidole.

Mtu mmoja tu ningemwambia aanze na Network+ hata kama ana uzoefu kama wako: anayewinda kazi za mikataba ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, mfano kwenye kambi zao za Ghuba, kwa kuwa cheti hicho kimo kwenye orodha yao ya vinavyokubalika.

Kabla hujalipa, fungua matangazo kumi ya kazi unazozitaka uyasome. Ukikuta watoa huduma wadogo wa intaneti, wale wanaorusha mawimbi kutoka mnara mmoja hadi mwingine, wengi wanatumia vifaa vya kampuni ya MikroTik, na hapo MTCNA, cheti chao cha kwanza, inaweza kukuingiza haraka zaidi. Lakini MTCNA huwezi kuifanya peke yako nyumbani: lazima uhudhurie darasa la mkufunzi aliyeidhinishwa, ndipo ufanye mtihani wa maswali 25 kwa saa moja, kufaulu asilimia 60. Benki, kampuni za simu na taasisi kubwa bado huandika CCNA.

Muda sasa. Jioni sita za saa mbili ni saa 12 kwa wiki. Kwa mtu wa kiwango chako mimi hukadiria saa 200, kwa hiyo ni miezi minne, mitano ukihesabu wiki za ugonjwa na misiba. Nusu ya saa hizo ziwe mikono kwenye kibodi. Anayetazama video miezi mitano bila kuandika amri hujikuta anaelewa kila kitu na hawezi kufanya chochote.

Vifaa usinunue. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mtandao, ni bure ukishajiandikisha kwenye tovuti yao ya mafunzo, na GB 8 zinaitosha. Haina amri zote za kifaa halisi, ila kwa CCNA haikupungukii pa maana. Ukipewa swichi ya Cisco, Catalyst 2960 ya mtumba kwa bei ya kutupa, chukua. Faida yake kubwa ni kukuzoesha kebo ya konsoli (ya kuunganisha laptop na kifaa ili ukisanidi), adapta ya USB na mipangilio ya 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kufunga. Wengi hukaa saa nzima mbele ya skrini nyeusi kumbe kasi waliyoweka siyo.

Notsi unazotumia zihakiki mapema. Tangu Agosti 2024 mtihani unafuata toleo la 1.1. Kama notsi zako kwenye zana za otomatiki bado zinafundisha Puppet na Chef na hazitaji Terraform, ni za toleo la nyuma. Msingi haujabadilika, lakini utakosa nyongeza kama root guard na loop guard (kinga za swichi) na dhana za akili mnemba. Na ukiona kitabu kinakugawia ICND1 na ICND2, ile mitihani miwili ya CCNA ya zamani, mpe mwenzako afungie vitumbua. Mfumo huo uliisha Februari 2020.

Tuingie kwenye subneti, yaani kugawa mtandao vipande, maana hapo ndipo penye shida yako. Achana na kubadilisha kila namba kuwa biti. Anwani ya IP ina namba nne, kila moja ni oktet, na maski ndiyo inayoonyesha sehemu ipi ni ya mtandao. Tafuta oktet ambamo maski inakatika, toa thamani ya maski hapo kwenye 256, jibu ni ukubwa wa bloku. Chukua 172.16.77.130/20. Hiyo /20 ni biti 20 za mtandao: oktet mbili kamili, za biti nane nane, na biti nne za oktet ya tatu, kwa hiyo maski ni 255.255.240.0. 256 toa 240 ni 16. Hesabu kwa kumi na sita kwenye oktet ya tatu: 0, 16, 32, 48, 64, 80. Namba 77 imekaa kati ya 64 na 80. Basi mtandao ni 172.16.64.0, unaofuata ni 172.16.80.0, na anwani ya mwisho, ya kutangazia wote, ni 172.16.79.255. Anwani za kugawa ni 4094. Anayekosea hapa karibu kila mara ameiangalia 130 na kujibu 172.16.77.128. Jicho linavutwa na oktet ya mwisho wakati maski imekatika ya tatu.

Kugawa mtandao nako kuna mitego miwili. Tuseme una 192.168.10.0/24, na idara zina kompyuta 60, 28 na 12, pamoja na kiungo kimoja cha ruta kwa ruta. Anza na kubwa: 60 wanachukua 192.168.10.0/26, 28 wanachukua .64/27, 12 wanachukua .96/28, kiungo kinachukua .112/30. Ukianza na ndogo, /30 itakaa .0 hadi .3, halafu utashawishika kuianzishia /26 pale .4. Haiwezekani: bloku ya 64 huanzia kwenye kigawe cha 64 tu (0, 64, 128, 192). Mtego wa pili ni ruta. /27 ina anwani 30 za kugawa, lakini idara yenye kompyuta 30 haitoshei humo, kwa sababu lango lao nalo linahitaji anwani. Kwa wiki sita, kila jioni anza na hesabu kumi kabla hujagusa kitu kingine, mpaka kila moja ikuchukue chini ya sekunde 30. Inachosha, najua.

Kwenye maabara, jenga mtandao mmoja na uuharibu makusudi. Swichi mbili, ruta moja, VLAN 10 na 20 (mitandao pepe ndani ya swichi zilezile), trunki kati ya swichi (kiungo kinachobeba VLAN zote), na ruta ikizipitisha VLAN hizo kwa violesura vidogo vyenye `encapsulation dot1q`. Ukishaona kompyuta zinajibizana kwa ping, ongeza VLAN 30 kwenye trunki kwa kuandika `switchport trunk allowed vlan 30`. VLAN 10 na 20 zitakata papo hapo. Umesahau neno `add`, kwa hiyo badala ya kuongeza umefuta orodha yote na kuacha 30 peke yake. Kosa hili limewahi kuzima ofisi nzima kwa wataalamu wazoefu. `show interfaces trunk` itakuonyesha.

Kisha ongeza ruta ya pili uweke OSPF, itifaki ya ruta kuambizana njia. Upande mmoja badilisha `ip ospf hello-interval`, yaani sekunde kati ya salamu za ruta, iwe 5 badala ya 10. Haizidi sekunde 40 kabla ujirani haujavunjika, na `show ip ospf neighbor` itakuwa tupu. Rudisha, halafu weka `passive-interface`, inayozuia salamu, kwenye kiolesura cha kuelekea ruta ya pili: dalili ileile, sababu nyingine. Tofauti utaipata kwa `show ip ospf interface`. Jaribu pia area (maeneo ya OSPF) zisizolingana na maski zisizolingana.

Kuna jambo moja la jedwali la njia linalowaangusha hata waliosoma vizuri. Wamekariri kuwa njia tuli, ile unayoiandika mwenyewe, ina AD (kipimo cha kuaminika kwa chanzo cha njia) ya 1 na OSPF 110, na kwamba ndogo hushinda. Ni kweli, ila tu pale njia mbili zinapoelekea mtandao uleule wenye urefu uleule. Ukiwa na njia tuli ya 10.1.0.0/16 na njia ya OSPF ya 10.1.1.0/24, pakiti inayokwenda 10.1.1.5 itafuata OSPF. Ruta inapopitisha pakiti huangalia kwanza nani ana biti nyingi zinazolingana. AD ilishamaliza kazi yake zamani, wakati njia zinaingia kwenye jedwali.

Uzito wa mada umetangazwa: upitishaji wa IP 25%, misingi 20%, swichi na mitandao isiyo na waya 20%, usalama 15%, huduma za IP kama NAT (kubadilisha anwani) na DHCP (kugawa anwani) 10%, na otomatiki 10%. Hiyo ya otomatiki watu huiruka kwa woga wa programu. Hakuna anayekutaka uandike msimbo. Soma JSON, muundo wa kuandika data, ujue mabano yake, jua REST, namna programu zinavyoombana data, inafanyaje kazi, ni jioni nne tu.

Siku ya mtihani. Ukisajili kwa Pearson VUE, kampuni inayoendesha mitihani hiyo, jina lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho chako. Pasipoti ikisema Ally nawe ukaandika Ali, unaweza kurudishwa mlangoni na ada imekwenda. Kufanyia nyumbani kunaruhusiwa, lakini umeme ukikatika katikati ni balaa lako. Panda basi uende kituo cha Dar es Salaam. Ndani ya CCNA hakuna kurudi swali lililopita, kwa hiyo ukikwama, chagua jibu usonge. Maswali yaliyovuja yanayouzwa kwenye magrupu usiyaguse: Cisco ikigundua hukufutia cheti.

Ukianguka, ripoti itakuonyesha asilimia yako kwa kila mada. Unaruhusiwa kurudia baada ya siku tano, kwa ada kamili tena. Usirudie siku ya sita. Jipe wiki tatu kwenye ile mada yenye asilimia ya chini kabisa, na kama ni upitishaji wa IP, anzia tena kwenye hesabu kumi za jioni.