Maswali na Majibu: Unguja, Agosti 1896

Barua nyingi safari hii zinauliza juu ya mwaka 1896, Sayyid Khalid bin Barghash alipoingia kasri la Unguja na Waingereza wakalipiga kwa mizinga.

*Vita vile vilichukua dakika 38, 40 au 45?*

Muda ambao Waingereza walimpa Khalid atoke kasrini uliisha saa 3:00 asubuhi, Alhamisi ya tarehe 27 Agosti. Mizinga ikaanza saa 3:02, ikanyamaza kama saa 3:40. Hizo ndizo 38. Anayefika 45 huanzia saa 3:00 kamili na kungoja mpaka bendera ishushwe. Swali hili halikomi kuletwa, ilhali wanaouliza juu ya waliokufa ni wachache. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa ni kama 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Ndani ya kasri mlikuwa na watu wapatao 2,800, wengi wao raia na watumishi, katika majumba yaliyojengwa kwa kukaliwa, si kwa kuhimili makombora. Mkiandika dakika, waandikeni na watu hao. Waongoza watalii nao waache kuwachekesha wageni kwa habari hii.

*Sayyid Hamad alipewa sumu?*

Hamad, Sultani aliyemtangulia Khalid, alikufa ghafla tarehe 25 Agosti na uvumi ukaenea siku ile ile. Ushahidi haujatolewa. Usiuandike uvumi kama habari.

*Khalid hakuwa na haki ya kutawala, sivyo?*

Nani kakwambia? Unguja haikuwa na sheria ya kwamba mtoto mkubwa ndiye mrithi. Baada ya Sayyid Said kufariki mwaka 1856 walitawala wanawe wanne kwa zamu: Majid, Barghash, Khalifa na Ali. Mwaka 1893 akaja Hamad, mjukuu wake. Khalid, mwana wa Barghash, naye alikuwa mjukuu. Kosa lake machoni pa Waingereza ni kukalia kiti bila idhini ya konseli wao, idhini waliyoidai tangu nchi iwe chini ya himaya yao mwaka 1890. Mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed, na siku ile ile ya mizinga wakamtawaza. Wanaomwita Khalid mnyang'anyi wanarudia maneno ya walioshinda.

*Tuna picha ya zamani ya Forodhani, haina tarehe. Tutajuaje ni ya lini?*

Anzeni na mnara. Ukiwa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, mojawapo ya majumba ya kasri, upande wa bahari, picha ni ya kabla ya mizinga. Mnara ule uliharibika ukaondolewa, na mwaka 1897 mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa jumba lenyewe. Kisha tazameni kushoto kwa Beit al-Ajaib, mkiwa kama mnatokea baharini: jumba la Beit al-Hukm lilikuwa hapo katikati, kati yake na jumba la Beit al-Sahel. Beit al-Hukm haikujengwa tena, kwa hiyo picha yenye pengo au bustani mahali hapo ni ya baadaye. Mwisho angalieni maji. Milingoti iliyochomoza baharini bila meli kuonekana ni ya Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa asubuhi ile. Ilibaki hivyo mpaka 1912.

Msiamini tarehe iliyochapwa kwenye postikadi, maana picha moja ilichapishwa tena na tena kwa miaka. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, kalamu ya wino hupenya. Wala msiitie laminesheni: haibanduki tena bila kuichana.

*Hati ya bibi imeandikwa 1314. Ni mwaka gani?*

Huo ni mwaka wa Hijria. Zidisha 1314 kwa 32, gawanya kwa 33, ongeza 622: unapata 1896 na kidogo. Hesabu hii hukupa mwaka tu. Mwaka 1314 ulianza Juni 1896 ukaishia kati ya 1897, kwa hiyo tafuta jina la mwezi. Rabiul-awwal ya 1314 ndiyo Agosti hiyo. Ukikuta Ramadhani, umeshaingia 1897. Kumbuka pia kwamba siku huanza magharibi. Jambo la usiku wa Alhamisi kwa hati ya Kiarabu ni Jumatano usiku kwa kalenda ya ukutani.

*Khalid alifia wapi?*

Mombasa, 1927. Alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa Wajerumani wakamtoa kwa mashua mpaka manowari yao, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata huko 1916, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na St Helena kabla ya kumruhusu kurudi pwani.