Waliniita Fibroidi

Juzi usiku nimepata ujumbe wa mwanafunzi wa uuguzi kule Tororo, Uganda. Kafeli mtihani wa vitendo. Alipokwama ni kumpima mwanamke mfumo wa uzazi na wa mkojo. "Sista, nifanyeje? Nimeona aibu hata kurudi nyumbani." Mdogo wangu, vuta kiti. Mimi nilifeli papo hapo, tena mbele za watu.

Nilipewa mama wa makamo, mcheshi. Nikajitambulisha, nikanawa mikono, nikavuta pazia. Mpaka hapo nilikuwa malkia. Nikamlaza, nikashika tumbo la chini, na juu ya kinena vidole vikakutana na kitu: cha duara, kigumu kiasi, kimepanda nusu ya njia kwenda kitovuni. Moyo ukaruka kwa furaha. Ndiyo, furaha. Mwanafunzi akikuta uvimbe huwa hamkumbuki mwenye tumbo. Nikamgeukia mtahini na kutangaza kwa sauti ya profesa: "Mji wa mimba umekua, ukubwa wa mimba ya wiki 16. Nadhani ni fibroidi." Yaani uvimbe unaoota kwenye mji wa mimba.

Mtahini hakunijibu. Alimwinamia yule mama. "Mara ya mwisho umekojoa saa ngapi?"

"Alfajiri, musawo," yaani daktari kwa Kiganda. " Tumeambiwa tusitoke kwenye foleni."

Ilikuwa saa nane mchana. Akapewa beseni, akaenda nyuma ya pazia, na sisi wote, pamoja na wanafunzi wawili waliokuwa wakingoja zamu, tukasimama kimya tukiisikiliza fibroidi yangu ikimiminika. Haikuisha upesi. Ilipopimwa kwenye jagi ikafika mililita 800. Mama aliporudi kitandani, tumbo lilikuwa laini kama unga wa chapati.

Jina likaniganda: Fibroidi. Nilirudia mtihani baada ya miezi sita, kwa ada aliyoilipa shangazi baada ya kuuza mbuzi wawili. Aliyelianzisha jina hilo leo ana cheo, na tukikutana semina bado hutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nami humtabasamia. Sijasahau.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: mkojo kwanza. Kibofu kitupu hukishiki. Kikijaa hupanda juu ya kinena, na ukikigonga kwa kidole hutoa sauti nzito, kama debe lenye maji. Na huo mkojo usiumwage. Mpe kikopo, mwambie wa mwanzo aachie upite, akinge wa katikati. Ukichovya kipande cha kupimia, tazama saa: kisanduku cha seli nyeupe kinataka dakika 2. Nimeona watu wakichovya kwa mkono mmoja huku mwingine umeshaandika majibu.

Miaka iliyofuata haina cha kusimulia. Nikapata kazi kituo cha afya upande wa Busia, mpakani na Kenya. Wanawake wa mpakani hubana mkojo kutwa nzima. Choo cha sokoni ni cha kulipia, na mzigo atamwachia nani? Kwa hiyo wengi wana UTI kweli, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na hapo ndipo sisi hulala.

Siku moja akaja binti akasimama ukutani. Benchi lina nafasi, yeye kasimama. Kafunga leso mbili juu ya sketi, na joto lile unalijua. Daftari lake lilikuwa limeandikwa UTI mara tatu, kurasa tatu, antibiotiki ileile ya siprofloksasini, na hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema mkojo ulipimwa. "Kiuno kinaniuma," akasema. Nikafunga mlango. Nikamuuliza, "Mkojo unakubana ukaukimbilia, au unatoka wenyewe hata ukiwa umelala?"

Akainamisha kichwa. "Unatoka wenyewe."

Tangu lini? Tangu ajifungue, miezi mitano. Alikaa na uchungu siku mbili nyumbani, mtoto akatoka mfu. Kichwa cha mtoto kilikwama kikakandamiza kibofu mpaka nyama ikakosa damu, ikafa, pakabaki tundu. Fistula. Hiyo haiponi kwa vidonge hata angemeza gunia. Tulimpa rufaa hadi Soroti, hospitali ya TERREWODE inayotibu wanawake wenye fistula, na alishonwa. Si mimi niliyemshona, lakini swali lilikuwa langu, na hapa sitajifanya mnyenyekevu.

Ninyi wa siku hizi mnaandika ugonjwa kabla mgonjwa hajakaa. Mnauliza "hedhi ya mwisho tarehe ngapi" macho yakiwa kwenye simu. Nani anakumbuka tarehe? Mwulize kama ilikuja kabla ya mahujaji kwenda Namugongo, 3 Juni, au baada. Funga mlango. Mume atoke, mama mkwe atangulie kutoka. Uliza mimba zote, hata zilizoharibika. Uliza kama anachoma sindano ya uzazi wa mpango, maana hedhi iliyokatwa na sindano ni habari nyingine. Aliyepitisha hedhi na anaumwa tumbo upande mmoja, mhesabu kuwa ana mimba nje ya mji wa mimba mpaka vipimo vikukatalie. Mgonge taratibu mgongoni, pale mbavu za mwisho zinapokutana na uti wa mgongo. Akiruka, fikiria figo. Lakini kabla ya kugusa tumbo, mkojo kwanza. Nitasema mpaka mchoke.

Utaniuliza pia kama nilimwomba radhi yule mama wa mtihani. Sikumwomba, nilikuwa nalia. Yeye ndiye aliyeniita akiwa anavaa viatu. "Pole mwanangu," akasema. "Nilitaka kukwambia nimebanwa, ila ulikuwa unaongea vizuri sana."