Jibu: Kufuga vipepeo si kuwamaliza msituni?

Mwalimu, umeuliza kama kufuga vipepeo vya kuuza kunawamaliza msituni, na wanafunzi wako waanzie wapi.

Kukifanywa vizuri, hakuwamalizi. Tazama mradi wa Kipepeo pale Gede, Kilifi, ulioanza 1993, wakati wakazi wengi jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke walitaka ukatwe wapate mashamba. Wafugaji hukamata vipepeo wachache tu, huwaweka kwenye vizimba vya neti watage, viwavi hulishwa majani ya mti wao, kisha pupa (kiwavi aliyejifunga kwenye ganda kabla ya kugeuka kipepeo) husafirishwa Ulaya na Marekani kwa maonyesho. Watafiti waliendelea kuwahesabu vipepeo wa msituni, wala hawakuona madhara. Mimi hesabu hiyo naithamini kuliko hata mauzo.

Shuleni anzeni na mlimau. Kagueni majani machanga mtafute kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege. Akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Huyo ni kiwavi wa kipepeo ambaye jina lake la kisayansi ni Papilio demodocus. Watoto waandike kila siku amekula kiasi gani, amejivua ngozi lini, amekuwa pupa lini. Na tafadhali, mti huo usipuliziwe dawa.