Maswali ya Wasomaji: Maua Pacha ya Msitu wa Kaskazini

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma Umeå, kaskazini mwa Uswidi. Mwezi wa Julai, katika msitu wa misonobari, niliona kijimea kinachotambaa juu ya kuvumwani, chenye maua ya rangi ya waridi yaliyoinama mawili mawili. Kinaitwaje? Na je, nikipanda kipande chake kwetu Lushoto, ambako kuna baridi, kitatoa mbegu?
Msomaji, Umeå

JIBU: Ndugu msomaji, umekieleza vizuri hata hakuna shaka: ni Linnaea borealis. Kikonyo chake, kifupi kama kidole, hugawanyika juu mfano wa panda ya manati, na kila upande huning'iniza kengele moja ya kama sentimita moja. Ingawa shina lake ni jembamba kama uzi, ni la mti, na majani yake hayapukutiki hata yanapofunikwa na theluji, kwa hiyo wataalamu hukihesabu kuwa kichaka.

Jina hilo alilitoa Gronovius, mtaalamu wa mimea Mholanzi, kwa heshima ya rafiki yake Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyezaliwa Småland, kusini mwa nchi hiyo, mwaka 1707, aliyekipenda mno na kuandika kwamba ni kimea duni kisichojaliwa, kama yeye mwenyewe. Unyenyekevu ambao, kwa mtu aliyejitwika kazi ya kuvipa majina viumbe vyote, tunaupokea kwa tahadhari.

Kuhusu mbegu, jibu ni hapana. Zulia lote uliloliona, hata likiwa na mamia ya maua, huenda ni mmea mmoja uliotambaa na kutia mizizi njiani, nao hauzai kwa chavua yake wenyewe. Huko Uskoti, ambako misitu ya misonobari ilikatwa ikabaki vipandevipande, mafungu mengi yametengana kiasi kwamba wadudu hawafikishi chavua kutoka moja hadi jingine. Hayo huchanua kila mwaka bila kuzaa, ndiyo maana wahifadhi wameanza kupanda vipandikizi vya mafungu tofauti karibu karibu. Lushoto, pamoja na baridi yake, haina theluji wala majira marefu ya usingizi ambayo kichaka hiki kimeyazoea, na kuingiza mmea nchini kunahitaji kibali.

Ukipita tena mwishoni mwa Agosti, kagua soksi zako. Vijani vinavyolizunguka tunda vina vinyweleo vinavyonata, na ukikuta tunda lenye mbegu limekuganda, basi fungu lako lina jirani asiye wa damu yake.