Kipimo hasi hakikufuta karantini ya siku 14 ya korona
Mwaka 2020, je, aliyekutana na mgonjwa wa korona akipimwa na kukutwa hana virusi (majibu hasi), alitoka karantini? Hapana, majibu hasi ya siku ya kwanza hayakumtoa karantini. Dalili za korona huchukua siku 2 hadi 14 kujitokeza tangu mtu aambukizwe, na wakati huo wengi kama siku ya 5. Ukipimwa mapema mno, virusi bado ni vichache puani na kipimo hakivioni. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2020 serikali nyingi zilishika siku 14. Zilihesabiwa tangu mlipokutana na mgonjwa mara ya mwisho, si tangu ulipopimwa. Wengi walikosea hapa: mlipoendelea kulala chumba kimoja na mgonjwa, hesabu ilianza upya kila siku. Homa ikija, tafadhali piga simu kabla ya kwenda hospitali, usiwaambukize walio kwenye foleni.